Vikombe vya Wageni

Nilipoolewa nilimpelekea mama mkwe zawadi ya vikombe. Vilikuwa vya kauri, vyeupe, vyenye maua madogo ya buluu ukingoni, kila kimoja na kisahani chake. Nilivipata mjini, mtaa wa Bazaa, baada ya kuvutana na mwenye duka hadi akachoka yeye. Nilitaka mama ajue kwamba mwanawe ameoa mtu mwenye macho. Alivifungua sebuleni, akavigeuza kimoja kimoja akikagua chini, akasema ahsante, kisha akavipanga kwenye kabati la vioo na kulifunga kwa ufunguo.

"Hivi ni vya wageni," akasema.

Sisi chai akatupa kwa vikombe vya bati, vile vizito vilivyopakwa rangi, na ya mdomoni ilikuwa imeshabanduka. Nilikunywa changu kwa raha sana. Kama vya kauri ni vya wageni, na mimi nimepewa cha bati, basi nimeshaingia nyumba hii. Njia nzima ya kurudi mjini nilimwambia mume wangu kwamba mama yake na mimi tutasikizana.

Tulisikizana kwa mengi. Tulichogombania kilikuwa kimoja tu, tena kwa miaka: watoto wangu walelewe wapi.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa mbele ya Kangemi, juu kidogo ya barabara kuu, kule ambako baridi ya Julai hukufuata hadi kitandani. Ilikuwa nyumba ya mawe, yenye shamba la mahindi na viazi, ng'ombe wawili, na ua mrefu wa miiba ya kayaba. Marehemu mzee alikuwa amewagawia wanawe ardhi kabla hajafa, na sehemu ya mume wangu ilikuwa kule chini karibu na kijito. Kila Jumapili tukienda kusalimia, mume wangu aliteremka huko peke yake, akasimama katikati ya magugu mikono kiunoni, akitazama nyumba ambayo haikuwapo.

Mimi sikuzaliwa na shamba. Nilizaliwa kwenye nyumba za reli, chumba kimoja, bomba la maji la watu wote, na mama yangu aliweza kutuita kutoka mlangoni tukasikia popote tulipo. Watu wa upande wa mume wangu walinitania kwamba sina kwetu. Niliwajibu kwamba kwetu kuna taa za barabarani. Mjini ndiko nilikojua kuishi, na baada ya harusi tulipanga vyumba viwili na jiko kwenye ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa pale Bazaa. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kigujarati aliyefungua duka lake kila asubuhi kwa kuwasha ubani mbele ya picha ya mungu wake, na ule moshi mtamu ulipanda ngazi ukatuamsha. Mwanawe na mke wake waliishi ghorofa ya pili, na watoto wao wawili walikuwa rika la wangu.

Kazi yangu ilikuwa ya simu katika hoteli moja kubwa, kupokea na kuunganisha na vyumba. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kupiga chapa. Alizunguka maofisi na mfuko wake wa bisibisi na mafuta, na alipopata nafasi saa saba alikuja kula nyumbani. Nani tena kule mbele ya Kangemi alikula chakula cha mchana na mumewe siku ya kazi? Hospitali tulienda kwa miguu. Nasari ya watoto ilikuwa mtaa wa pili. Jioni niliwapeleka kwenye ile bustani nyuma ya soko, wakakimbiza njiwa mpaka wakachoka, na wakati wa adhana ya magharibi tukarudi.

Na tulikuwa na kamba yetu. Wanawake wote wa jengo lile walikuwa nayo: kamba ndefu iliyofungwa kwenye kikapu. Mama wa mboga akipita chini na kuita, unachungulia dirishani, unapiga kelele unachotaka, unateremsha kikapu na pesa ndani, unavuta sukuma wiki na dhania. Binti yangu alijifunza kuteremsha kikapu kabla hajajua kufunga viatu. Alisimama juu ya kigoda, mimi nimemshika gauni nyuma, akaamuru kwa sauti ambayo mtaa mzima uliijua, "Mama, weka na pilipili moja ya bure!" Mama wa mboga alimcheka, na pilipili ikapanda.

Lazima niseme kuhusu jina la mtoto huyu, bila kulitaja. Kwa desturi ya kwao, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Halichukuliwi kama kumbukumbu tu. Mtoto anakuwa ndiye. Mume wangu alimwita binti yake "mama", akimbembeleza kwa heshima kabisa, na mama mkwe alimwita "wajina", akimuuliza mambo ya nyumbani kama mtu mzima mwenzake. Nikimkaripia mtoto mbele yake, mama mkwe alijishika kifua na kusema, "Sasa mimi nimekukosea nini?" Tulicheka. Lakini nilijua ndani ya mzaha ule kuna dai. Kila tulipoaga Jumapili, alimshika binti yangu mkono na kuniambia, "Niachie mimi hapa. Huko juu ya maduka mimi sipati hewa."

"Utapata hewa ukija kututembelea, Mama," nilimjibu.

"Mimi sipandi nyumba za ngazi. Mtu hakai juu ya kichwa cha mwingine."

Mume wangu alinyamaza hadi tufike nyumbani, ndipo aanze. "Town si pahali pa kulea watoto. Shamba iko, hewa iko, maziwa iko. Tunangoja nini?"

"Nikitoka huko saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, watoto nitawaona saa ngapi?"

"Mama atakaa nao."

"Najua atakaa nao. Mimi ndiye sitakaa nao."

Hapo tulifika kila mara, na hapo tuliachia. Yeye hakuwa mtu wa kupayuka. Alichukua saa yake mbovu akaanza kuifungua, na mimi nikaosha vyombo kwa kishindo. Sikuwa na neno baya juu ya mama mkwe kama mlezi. Aliwalea wanawe vizuri, na mmoja wao nilimpenda mpaka nikaolewa naye. Lakini mimi nilitaka kuwalea wangu. Nilitaka kuwa mtu wanayemkimbilia wakianguka, na sikuona aibu kulisema hilo hadharani.

Tulishikilia hivyo hadi mwisho wa miaka ya themanini. Kisha jirani yangu wa ghorofa ya pili akahama.

Huyu ndiye aliyeniwezesha kuishi nilivyoishi. Nikiwa zamu, watoto wangu walitoka nasari pamoja na wake, wakala kwake, wakalala mchana kwenye godoro moja. Zamu yangu ikiwa imepita, wake walipanda kwangu. Milango yetu haikufungwa mchana. Lakini watu wao wengi walikuwa wanatoka katikati ya mji, familia baada ya familia, na mumewe akanunua nyumba Loresho, yenye bustani na lango. Siku lori lilipokuja, alinikumbatia kwenye ngazi akilia, kisha akarudi ndani mbio na kuchukua kamba yake na kikapu.

"Hii siachi," akasema.

Baada ya hapo ghorofa ya pili ikageuzwa stoo ya vitambaa, na mimi nikabaki nikiomba huyu na yule anishikie watoto. Halafu zikaja siku zile za kudai vyama vingi. Mchana mmoja nilikuwa nimewatoa nasari, tuko karibu na mlango wetu, nikasikia milango ya chuma ya maduka ikishushwa mmoja baada ya mwingine, mtaa mzima. Vijana wakapita mbio. Nilimbeba mvulana, nikamvuta binti, tukapanda ngazi, lakini ile gesi ya machozi ilipanda nasi. Nilijifungia nao bafuni na taulo zilizolowa maji. Mvulana wangu, wa miaka mitatu, alikuwa akijikuna macho na kuniambia nitoe pilipili. Alidhani ni pilipili ya kikapuni. Mume wangu alifika jioni, kiatu kimoja hana, na alipowaona macho yalivyovimba akakaa sakafuni.

"Kesho wanaenda kwa Mama," akasema. "Mpaka mji utulie."

Nilikubali. Mtu aliyekuwa bafuni mle angekubali, na ingekuwa siku ile tena ningekubali tena. Niliwafungashia nguo mwenyewe. Binti aliomba kikapu na kamba, nikampa.

Mimi na mume wangu tulibaki mjini kwa sababu ya kazi, na siku yangu ya mapumziko, ambayo sasa ilikuwa Jumamosi, nilikwenda kwao. Jumamosi za kwanza walinisikia kabla sijafika langoni. Walinirukia na matope yao yote, nikarudi mjini jioni na alama za mikono kwenye sketi. Binti alikuwa amefunga kamba yake kwenye nguzo ya ukumbi wa mbele, ambao ulikuwa juu ya ardhi kipimo cha ngazi moja tu, na aliteremsha kikapu hapo akimwita nyanyake, "shosho" kama watoto wa huko wasemavyo, aweke mboga. Mama mkwe alitoka shambani na gambuti zake za mpira, akaweka majani ya maboga, na kuongeza moja la bure. Niliona jinsi anavyompenda. Nilifurahi na nikaona wivu, vyote pamoja, na sitadanganya kwamba kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kingine.

Mji ukatulia. Maduka yakafunguliwa, mama wa mboga akarudi chini ya dirisha, akaniuliza yuko wapi yule wa pilipili. Nikamwambia mume wangu, sasa tuwarudishe. Akasema ngoja muhula uishe, wameanza shule huko. Muhula ulipoisha akasema kijana amenenepa, humwoni? Muhula uliofuata nikakuta lori la mawe limemwagwa kule chini karibu na kijito, na fundi anachimba msingi.

"Ulikuwa uniambie lini?" nikamuuliza.

"Nilitaka ikuwe surprise."

"Imekuwa."

Jumamosi moja nilishuka njiani nikaenda Loresho kumwona jirani yangu. Mlinzi alinihoji langoni kama mwizi mpaka yeye mwenyewe akatoka mbio na kandambili. Nyumba ilikuwa nzuri. Nyasi zimekatwa, miti imepangwa, na kimya kile kinachokufanya upunguze sauti bila kuambiwa. Jikoni kwake niliiona kamba ikining'inia kwenye msumari, kikapu chini yake kimejaa vitunguu.

"Nateremshia nani?" akacheka. "Mbwa? Hapa mama wa mboga hapiti, askari anamfukuza." Kisha akaacha kucheka. "Watoto wangu wanapenda. Iko nafasi, iko baiskeli. Wako hapa na mimi, hiyo ndio najiambia kila siku. Wako tu chumba ile ingine. Na wa kwako wako wapi?"

"Kwa shosho yao. Hapo mbele."

"Na wewe?"

"Bazaa."

Alinitazama. "Bila wao? Kwa ile nyumba yote? Mama, mimi ilibidi nihame. Wewe nani amekuhamishia watoto?"

Swali lile lilinikera, na nilitembea nalo hadi kituoni. Nilimkasirikia yeye kwanza, halafu nikaona sina haki. Alikuwa ameuliza alichokiona.

Siku ninayotaka kueleza ilikuwa Jumamosi ya mvua, wiki chache baadaye. Nilifika nimelowa, viatu vimebeba udongo mwekundu wa njia nzima. Hakuna aliyekuja langoni. Kwenye ukumbi, ile kamba haikuwapo tena kwenye nguzo. Nilikuta imefungiwa ndama.

Binti yangu akatokea mlangoni. Alikuwa amesukwa vizuri, gauni safi, na shingoni ana uzi mwembamba wenye ufunguo. Akanyosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kwa adabu kabisa, akasema, "Karibu ndani."

Nikampa mkono. Sikujua nifanye nini kingine. Akaniongoza sebuleni hadi kwenye kiti chenye vitambaa vya kufuma, kile ambacho anakalia mchungaji akija, akaniambia nikae. Mvulana wangu alichungulia kutoka jikoni, akaniona, akamwambia mtu aliye huko, "Mama, mami wa town amekuja." Aliyemwita mama alikuwa nyanyake. Si ajabu. Baba yao akija alimwita hivyo, na wao walifuata waliyosikia.

Binti akavua ufunguo, akafungua kabati la vioo. Alitoa kikombe kimoja na kisahani, akakifuta kwa kitambaa, akakipeleka jikoni. Alirudi akitembea polepole, amekishika kwa mikono miwili, ulimi nje kwa kujitahidi asimwage. Alikiweka mbele yangu. Maua yake ya buluu yalikuwa mapya kama siku nilipoyanunua.

"Karibu chai," akasema.

"Mbona umenipa hiki?"

"Ni cha wageni." Alisema kwa furaha, akijua amefanya sawasawa. "Shosho alinipa ufunguo. Mimi ndiye napatia wageni."

Niliumia. Sijui kulisema kwa njia nyingine. Hakukuwa na ubaya wowote kwa mtoto yule, wala kwa aliyemfundisha. Alikuwa amenipa heshima kubwa kuliko zote zilizokuwa katika nyumba ile, na nilitaka kulia kwa sauti kama nilivyolia nilipofiwa na mama yangu. Sikulia. Niliinuka na kile kikombe, nikaenda jikoni, nikatoa cha bati kwenye msumari, nikamimina chai humo na kuinywa nimesimama karibu na jiko. Ilikuwa moto, ikaniunguza ulimi, nikaimaliza.

Mama mkwe alikuwa ameacha kumenya viazi. "Mtoto amekuheshimu," akasema.

"Amenipa heshima ya mgeni, Mama. Ndiyo maana nawachukua leo."

"Leo? Na mvua hii?"

"Leo."

Akatumia alichokuwa nacho. "Yule ni mimi. Unanichukua unanipeleka wapi?"

"Ghorofani."

"Nimekuambia mimi sipandi ngazi."

"Utapanda," nikasema. "Ukitaka kujiona, utapanda."

Sijawahi kusema naye hivyo kabla wala baada. Nilifungasha zile nguo bila kusimama. Mvulana nilimfunga mgongoni, ingawa alikuwa amekua na miguu yake ilining'inia. Binti alisimama kati yetu bila kuelewa, kisha akakumbuka wajibu wake, akavua ule uzi na kumpelekea nyanyake ufunguo.

"Kaa nayo," mama mkwe akamwambia, akinitazama mimi. "Utarudi."

Mume wangu alikuwa chini kwenye msingi na fundi, wamejikinga mvua chini ya mabati. Niliteremka kwenye matope nikiwa na watoto wake.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Tunaenda nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Si ndiyo najenga?"

"Jenga. Sikukatazi. Lakini binti yako amenipa chai kwa kikombe cha wageni, na mwanao ananiita mami wa town. Nyumba yako ikiisha, nitakuja nikae kwenye kiti cha mchungaji?"

Fundi akageuza uso, akaanza kutafuta mwiko wake wa saruji. Mume wangu alimtazama mvulana mgongoni kwangu. "Nani atakaa nao?" akasema. "Jirani hayuko. Wewe uko kazi, mimi niko kazi."

"Mchana mimi, usiku wewe."

"Usiku wewe utakuwa wapi?"

"Kazini."

Nilikuwa sijamuuliza mtu yeyote kazini. Nililifikiria nikiteremka kwenye matope, na nilipolisema mbele yake likawa limeamuliwa. Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi wangu, nikaomba zamu ya usiku, si kwa kupokezana kama wengine bali siku zote. Zamu ile ilikuwa ya wanaume. Alicheka, akasema mwanamke hawezi, atalala juu ya simu. Nikamwambia anijaribu mwezi mmoja, na akinikuta nimelala anifukuze. Alinijaribu. Nilikaa zamu ile hadi mvulana wangu alipoingia darasa la nne.

Nisiwadanganye wanaodhani ilikuwa rahisi. Nilitoka hotelini kunapambazuka, nikafika nyumbani mume wangu akiwa amewavalisha watoto, mara nyingi sweta ndani nje, nikawapeleka shule, nikalala chini ya kelele za mtaa mzima, nikaamka kuwachukua. Nilichoka uchovu ambao ulikuwa unaniuma kwenye meno. Kuna siku nilimwekea mvulana chumvi kwenye uji, akaula bila kusema kitu kwa sababu aliniona uso wangu. Lakini walipoanguka walinikimbilia mimi. Wiki ya kwanza binti alinisalimu kwa mkono. Wiki ya pili akasahau. Jioni moja alipanda kigoda, akachungulia dirishani, akapiga ile kelele yake ya pilipili, na mama wa mboga akaweka chini mzigo wake na kupiga makofi. Nilimshika gauni nyuma na machozi yakanitoka, na hayakuwa ya gesi.

Na mume wangu? Alinuna kwa muda. Kisha nikaanza kuona kwamba usiku alikuwa akiwahadithia watoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nilipokuwapo. Kule chini aliendelea kujenga kidogo kidogo, na nyumba ilipokamilika tukaipangisha kwa mwalimu. Likizo za Desemba tulikwenda kulala kwa mama yake sote pamoja, mimi nikiwemo. Ufunguo binti alikataa kuuvua. Kila tulipoenda alimwonyesha nyanyake kwamba bado uko shingoni, na mama mkwe aliitikia kwa kichwa bila kuuomba. Baina yangu na yeye maneno yalikuwa machache, ya kusalimiana na ya chakula.

Alikuja mwenyewe, bila kutangaza, siku moja ya juma. Nilikuwa nimetoka kuamka. Nilisikia ngazini hatua, kisha kimya, kisha hatua, na mtu akihema. Nilipofungua alikuwa ameegemea ukuta na fimbo yake, chupa ya maziwa kwapani, kitambaa kimelegea kichwani.

"Mnakaa na ndege," akasema.

Nilimkaribisha ndani. Alizunguka vyumba vyote viwili kwanza, akagusa vitanda vya watoto, akachungulia dirishani na kurudi nyuma haraka. Binti aliporudi kutoka shule alipiga ukelele, akamkumbatia miguu, halafu akajikaza, akawa mtu mwenye kazi. Alikwenda jikoni kuandaa chai. Nikamsikia akifungua makabati moja baada ya lingine. Akatokea mlangoni.

"Mami, vya wageni viko wapi?"

"Hatuna."

Hatukuwa navyo. Tangu Jumamosi ile nilikuwa nimegawa kila kikombe chenye kisahani, na hadi leo hakuna hata kimoja kwangu. Binti alitutazama sote wawili. "Lakini shosho ni mgeni ama si mgeni?"

Mama mkwe alikuwa akinitazama pia, mikono juu ya fimbo, akingoja. Nilielewa kwamba hakupanda ngazi zile kwa ajili ya mtoto peke yake.

"Huyu ni wewe," nikamwambia binti yangu. "Wewe ni mgeni hapa?"

Alifikiri. Kisha akaenda kuleta kikombe chake mwenyewe, cha plastiki, cha manjano, kilichotafunwa ukingoni tangu alipokuwa akiota meno. Akakijaza chai na kumpa. Mama mkwe alikishika kwa mikono yote miwili na kunywa bila kupumzika, kisha akasema chai ya mjini ina maziwa kidogo sana, ndiyo maana ameleta.

Alipokuwa akiaga, binti alivua ule uzi shingoni. Kwa muda huo wote kabati la kule lilikuwa limefungwa, na wageni wa mama mkwe, mchungaji na wazee wa kanisa, walikuwa wakinywea vikombe vya bati. Akamnyoshea nyanyake ufunguo.

Mama mkwe aliukunja ndani ya kiganja cha mtoto, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Kaa nayo, wajina," akasema. "Nikiifungua ile kabati, siku moja nitasahau nimpe mama yako cha wageni."